Mgeni wa Siku ya Tatu

Shuleni Puge tulimchora kupe kwa chaki:
tumbo la pipa, kofia pana, sigara mdomoni,
na chini yake mwalimu akaandika MNYONYAJI.
Tukamcheka, tukampiga kwa kifutio mpaka akawa vumbi.
Hakuna aliyetuambia kwamba wa kweli
ni mdogo kuliko punje ya uwele
wala hana kofia.

Mtamba alifika Jumatano na vumbi la Bukene miguuni,
mmoja wa wale kumi na wawili wa mahari ya Kabula.
Mweusi, paji jeupe. Nikamwita Malunde,
maana mawingu mwaka ule yaligoma,
na mtu humwita anayemhitaji.
Tulipiga vigelegele.
Tulimtazama meno, kwato, kiwele.
Sikio hakulifunua mtu.

Mle ndani, ngozi ilipo laini kama fizi ya mtoto,
walikaa wakubwa kwa wadogo, kahawia,
wametulia kama watu walioalikwa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu siku mbili ameng'ata tu, kimya,
mate yake hayajaiva.
Ya tatu hangoji kupewa,
analima mwenyewe,
na mbegu anazopanda
huzioni.

Aliyenieleza ni Ndalahwa, afisa mifugo,
amechuchumaa, anachora mavumbini kwa kijiti cha mswaki:
"Hakuzaliwa nazo, mama.
Alizinyonya kwa ng'ombe aliyeugua zamani akapona,
anayecheua vizuri, anayenona.
Akashiba, akadondoka, akavua ngozi chini ya nyasi,
akapanda ncha ya jani
akanyoosha miguu ya mbele
kungoja joto la yeyote apitaye.
Nyumba tatu anakula, maisha yake yote.
Anachookota nyumba moja
anakiacha nyumba ya pili."

Akafuta mchoro kwa soli ya kiatu.
Mimi nilikuwa nahesabu nyumba.

Kwa sababu Malunde hakuugua.
Aliyeugua ni ndama wa Nyamizi,
jirani aliyenichotea maji ya harusi ndoo ishirini na mbili
na akaondoka kabla wali haujaiva.
Walichunga pamoja, nyasi zile zile za bondeni.
Tezi chini ya sikio ikavimba kama limau,
macho yakalia bila kulia,
pumzi ikawa kazi.
Alfajiri povu jeupe lilimjaa puani
ungedhani ametoka kunyonya.

Josho la kijiji?
Limejaa majani makavu na ndala moja ya kushoto.
Kamati ilikutana. Kamati itakutana.

Sasa kila jioni nafunua masikio
kwa tochi ya simu, kidole na gumba,
nawatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa.
Nawahi siku ya pili.
Nikimaliza zizi langu navuka kwa Nyamizi
na bomba la dawa mgongoni.
Hanikatazi, wala hanikaribishi.
Hunishikia ng'ombe pembe, basi,
tukiwa tumetazamana na mnyama katikati.

Juzi wakwe walipiga simu kutoka Bukene.
Kabula hajambo. Mvua imenyesha kidogo.
"Na yule mtamba tuliyewapa, yu mzima?"

Nilimtazama akicheua, ngozi inang'aa,
sikio likipepea nzi.

"Mzima," nikasema.
"Mzima mno."