Anwani ya Kudumu

Fomu inauliza anwani ya kudumu.
Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye meza ya mapokezi:
hata kalamu hii ina kwao.

Ni Jumanne, zahanati moja ya Glendive, Montana,
theluji ya Aprili inagonga kioo kama anayeuliza njia,
na Emmett, miaka saba, ameukumbatia mkono wake wa kushoto
kama mtu aliyebeba yai la ndege.
Alianguka kutoka ngazi ya nyuma ya gari,
ile niliyomkataza Nebraska,
nikamkataza Dakota zote mbili.
Sikio la kufa.

Naandika: Mtaa wa.
Nakwama.

Nyumba ya Duluth tuliiuza Septemba, miaka miwili na nusu sasa.
Piano alichukua mwalimu wa kwaya.
Sepetu la theluji tulimwachia jirani, mzee Lindqvist,
ambaye hakuaga, aliuliza tu: mnarudi lini?
Siku ya mwisho Corwin alifungua skrubu sita,
akang'oa mwimo wa mlango wa jikoni,
ule wenye mistari ya penseli, vimo vya watoto.
Mnunuzi alidhani tumerukwa na akili.
Sasa mwimo uko chini ya kitanda chetu,
mrefu kuliko godoro,
kila usiku unanigonga kisigino nikienda msalani.

Niandike nini?
Niandike mita tisa kwa mbili na nusu,
meza inayokunjwa ikawa kitanda cha Solveig,
ambapo asubuhi tunajifunza kugawanya,
mchana tunakatakata vitunguu,
usiku binti wa miaka kumi na mmoja analalia vyote viwili?
Niandike tangi la majitaka
na glavu za kijani za Corwin, na mluzi wake
anapolimwaga, apumulie mdomo?
Niandike maegesho ya supamaketi pale Kearney,
taa zisizolala, lori la ng'ombe ubavuni,
na Wren akiwaaga ng'ombe mmoja mmoja, lala salama, lala salama,
mpaka lori likaondoka hajawamaliza?

Watu hutuambia: mna bahati.
Ni kweli. Nimewaona watoto wangu wakinyamaza,
wote watatu kwa mpigo,
korongo maelfu kwa maelfu waliposhuka mto Platte.
Kanisani sijawahi kuuona ukimya ule.
Lakini hakuna anayeuliza habari za Solveig,
aliyepata rafiki Arizona kwa siku kumi na moja,
msichana wa gari la bluu, Paloma.
Wakaapa kuandikiana.
Kisha kila mmoja akamwuliza mwenzake: nitume wapi?
Wakatazamana.
Nilikuwa naanua nguo. Nilijifanya sijasikia.

Mpokezi anakohoa kidogo.
"Hata sanduku la posta, mama."
Tunalo, South Dakota, mji tuliolala usiku mmoja.
Ndiko tunakopigia kura,
na sikumbuki rangi ya jengo lake hata moja.
Naliandika. Mwandiko unapinda.

Muuguzi anamwita Emmett. Kabla ya picha ya mfupa, vipimo:
simama ukutani, visigino nyuma.
Na Emmett, ambaye hajatoa chozi tangu asubuhi,
anaanza kulia.
"Siyo ukuta huu. Mama, mwambie siyo ukuta huu."

Corwin anatoka bila kusema neno.
Dirishani namwona akirudi, akivuka maegesho,
ubao mweupe uliobabuka begani,
theluji ikitua juu yake, juu ya mistari.
Mlangoni anaugeuza hivi, anaugeuza vile, hauingii,
mpaka mpokezi anainuka kuushika ncha ya pili.

Muuguzi anatafuta cha kuandikia.
Kalamu ya mezani uzi wake haufiki.
Solveig anachomoa penseli kwenye nywele zake,
anapiga mstari juu ya kichwa cha nduguye,
anaandika, ulimi nje:
Glendive. Sentimita 124. Mkono mmoja.