Kichwa cha Nsimire, Jumapili Jioni

Kanuni ya shule imebandikwa getini kwa uji wa muhogo:
msichana asuke, au anyolewe.
Kesho Jumatatu.
Mama yake yuko Uvira kwa dada yake aliyejifungua mapacha,
na mimi, fundi cherehani wa Kadutu,
niliyewashonea maharusi wa mitaa mitatu,
nimesimama nyuma ya kichwa cha mtoto wa miaka sita
kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Mkasi upo mezani.
Mkubwa, wa kukatia suti.
Sitasema sikuutazama.

Mvua ilikwisha kutusaidia: mchana kutwa ilipiga mabati,
beseni likajaa bila foleni ya bidoni.
Maji ya mvua hulainisha.
Hilo nililijua kwa pamba, si kwa nywele.
Nikamimina kikombe, na kikombe kingine.
Kwanza yalisimama juu juu, shanga nyeupe,
yakibisha hodi,
kisha nywele zikayakaribisha.

Simu ikalia. Mke wangu, sauti inakatikia milimani:
“Usianze juu! Anza kwenye ncha…
shika shina kwa vidole ili asi…
mafuta ya nyonyo, chupa ya dawa ya kikohozi, nyuma ya…”
Ikakatika.

Nyuma ya nini?
Tukatafuta nyuma ya gunia la makaa, nyuma ya picha ya harusi,
nyuma ya redio iliyokufa.
Nsimire alijua ilipo tangu mwanzo.
Alinyamaza, akiomba tutafute hadi kukuche.

Kwenye ncha, basi.
Chanuo la mbao, meno mawili hayapo.
Fundo la kwanza lilificha uzi wa kijani wa mezani kwangu,
punje ya wali, kijani kikavu cha mparachichi.
Wiki nzima ya mtoto imo humu,
na mimi nilidhani namwona kila siku.
Nikalifungua polepole, kama nifumuavyo gauni la mtu
asiyeweza kununua kitambaa kingine.

Alilia, lakini. Siwezi kudanganya.
Karibu na sikio la kushoto nilivuta.
“Mama hafanyi hivyo.”
“Najua.”
“Mama anapuliza.”
Nikapuliza.

“Baba, wanasema nina kipilipili.
Pilipili inawasha. Mbona hizi haziwashi?”

Nilikosa la kusema.
Neno hilo nami nimelitumia. Nimesema pia nywele mbaya,
kana kwamba ziliiba kuku wa jirani.
Nikashika unywele mmoja, mmoja tu,
nikaunyoosha hadi begani,
nikauachia: ukaruka, ukajikunja, ukakaa mahali pake.
“Umeona? Lastiki ya kiunoni nainunua sokoni, tena ghali,
ili ifanye hivi tu.”
Akacheka. Akaunyoosha mwenyewe,
akauachia, akaunyoosha, akauachia,
hadi nikamwomba anirudishie kichwa.

Nyonyo kiganjani, nzito kama asali isiyo na haraka.
Nikagawa mafungu, nikitamani chaki ya fundi.
Uzi mweusi, nyuzi nne pamoja,
kuzungusha, kukaza kidogo, kulegeza:
usiifinye ngozi, kitambaa kilichofinywa hukunjamana milele.
Umeme ukaondoka kwenye fungu la tano.
Akanishikia tochi ya simu juu ya kichwa chake mwenyewe,
mkono ukichoka, mwanga ukishuka hadi puani,
mwisho akalala, shavu kwenye goti langu.

Mkasi ulifanya kazi moja: kukata ncha za uzi.

Njia ya kati imepinda utosini
kama barabara yetu inavyokwepa korongo.
Nikapiga picha, nikaituma Uvira.
Nilingoja sifa, nakiri.
Jibu likaja saa nne usiku:
“Umesahau kisogoni.”

Nikamulika. Kweli.
Kifungu kidogo, bado kibichi kwa maji,
kimejikunja chenyewe pale shingoni, hakimdai mtu.
Ningeweza kumwamsha.
Sare ya mtoto huachiwa upindo, nikajiambia,
maana anakua.
Nikazima tochi.