Kopo Lenye Picha ya Mtoto

Wifi Somoe kashuka basi la Masasi
na kopo jeupe, zito,
juu yake mtoto anacheka,
mashavu kama maandazi.
"Mpake Shamila, awe nyororo.
Na huu weusi wa shingoni utapungua."

Miezi minne tu mwanangu.
Weusi gani?

Mimi nabangua korosho, hapa Newala.
Ganda nalo lina mafuta yake:
yanateleza vidoleni kama samli,
hayaumi, hayanuki,
na keshoye ngozi inabanduka
kama rangi ya mlango wa zamani.
Ndiyo maana nashika majivu kabla ya kisu.
Ndiyo maana kanga ya kazini inabaki nje, kwenye msumari,
na mwanangu analia kidogo
wakati nanawa mara ya tatu,
na maji yenyewe ya kununua.
Mikono hii shule yake ni hiyo moja.

Nikafungua kopo. Waridi.
Waridi mpaka machozi.
Nikaligeuza: herufi ndogo kama mayai ya chawa,
Kiswahili hamna,
hata neno "hatari".

Nesi Nalimi akavaa miwani,
akapitisha ukucha mstari kwa mstari,
akasimama kwenye neno la tano.
"Zebaki."
"Ile ya kipimajoto?"
"Hiyo hiyo. Humu imejiita jina la ukoo mwingine."
Akanuswa na waridi, akapiga chafya.
"Na harufu hizi. Ngozi ya mchanga inakunywa, mama,
haijajifunza kukataa."

Nikauliza nazi, ile ya bibi yake, ya kukamua.
"Hata nazi. Tone moja, nyuma ya goti,
ngoja mpaka kesho.
Siku nyingi hahitaji kitu."

Hahitaji kitu!
Nikarudi nalo neno hilo
kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoitarajia.

Jioni wifi: "Umempaka?"
"Kopo lipo kwa nesi."
Akafoka. Bei niliijua? Foleni niliijua?
Wao wa mjini wote ni wajinga, mimi wa majivu ndiye msomi?
Sikumjibu. Nikataja zebaki, mara moja,
nikaendelea kumfunga mtoto nepi.

Kimya.
Kisha mkono wake ukapanda,
taratibu, kama si wake,
ukagusa shavu
pale penye rangi mbili.

Nikasogeza taa.
Nikasogeza na kigoda.