Kandambili za Ushongo

Kila Desemba ni nyumba ile ile ya kukodi,
magodoro sakafuni, mchanga mpaka ndani ya chapati.
Wa Korogwe huja na mahindi, wa Lushoto na matunda damu,
sisi wa Dar na malalamiko yetu.

Magharibi ikiingia shangazi Mbazi hahesabu watoto,
watoto hawatulii.
Huhesabu kandambili mlangoni,
jozi kwa jozi, kwa mpini wa ufagio,
na akifika ishirini na sita husema:
"Haya, bahari imeturudishia wote. Nawani."

Mwaka huu tulijua zitapungua.
Mjomba Semboja tulimzika masika, kule Muheza,
tukikomba maji kaburini kwa ndoo ya rangi.
Basi tukakaa, mikono mikavu,
tukisikiliza mpini ukigonga saruji:
ishirini na nne,
na tano.

Na sita.

Shangazi akasita. Hakusema neno la bahari.
Zilikuwa za buluu, pana,
ukanda mmoja umefungwa kwa waya.

Jikoni mjane wake alikuwa ameinama,
anapuliza moto
uliokwisha kuwaka zamani.