Fungulia Hapa Hapa

Mwaka juzi nilinunua cherehani kwa picha.
Nyeusi, maua ya dhahabu shingoni,
na sauti ya muuzaji simuni, laini kama parachichi lililoiva:
"Mama, tuma yote leo, kesho bei inapanda."
Nikatuma yote, viazi vya msimu mzima,
na ya kutolea nikamwongezea.

Basi liliingia Tukuyu saa nne usiku, mvua ikinyesha
kama kawaida yake, bila haya.
Nikatia sahihi gizani,
boksi nikalipakia kwenye bodaboda,
nikalivisha khanga yangu. Mimi nikalowa.

Nyumbani Gwakisa akakata kamba.
Mchanga.
Mchanga mweupe wa pwani, kilo ishirini na nane,
na kombe moja dogo lililopotea njia.
Mtoto, ambaye bahari huisikia tu shuleni,
akalitega sikioni: "Mama, linanguruma!"
Nikaipiga ile namba.
Yenyewe haikunguruma.

Majirani wakasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.
Afadhali mbuzi. Mbuzi angelia,
angalau pale Uyole wangemsikia.

Ule mchanga tulisakafia kizingiti.
Una chumvi; mawingu yakikusanyika, unatoka jasho.
Kila nikienda kupokea mzigo
naukanyaga kwanza.

Leo niko dirishani kwa Ambilikile.
Ananisukumia daftari. "Saini, mama, foleni ndefu."
Kalamu naiweka chini.
Nimekuja na kisu, na karatasi:
jina la duka, mtaa wake, namba ya mashine,
dhamana ya miezi sita yenye muhuri unaosomeka.
Nusu ya pesa nimeshalipa.
Nusu imelala kwenye simu yangu, haina haraka.

"Fungulia hapa hapa."

Nyuma yangu mtu anaguna.
Mwingine anamwuliza Mungu saa ngapi.
Nami nasoma namba, tarakimu kwa tarakimu,
kama mwalimu anayeita mahudhurio.
Nazungusha gurudumu: sindano inashuka, inapanda.
Napapasa chini. Kidole kinakwama.

"Andika: kitako kina ufa."
"Mama, ufa wenyewe mdogo..."
"Basi uandike kwa herufi ndogo."

Anaandika. Napiga picha. Natia sahihi
chini ya ufa, si juu yake.

Nageuka kuondoka. Yule aliyeguna
amekumbatia boksi lake la televisheni,
analitikisa taratibu, anasikiliza.
"Dada," ananong'ona,
"hicho kisu, niazime kidogo."