Pambizoni mwa Daftari la Mita

Kazi yangu ni kusoma tarakimu.
Mkomani, Langoni, Gardeni, mpaka Wiyoni,
nyumba mia mbili na kumi na mbili kila mwezi:
nabisha hodi, nachutama, nafuta kioo kwa kidole,
naandika. Ofisi haikuniuliza kingine.
Lakini pambizo la daftari ni jeupe, na kalamu ninayo.

Machi. Kuta za mawe zatoa joto hata baada ya isha.
Kwa Mzee Famau mkungu umegeuka mwekundu wote,
umemwaga majani kwa juma moja, kama mpangaji anayehama usiku,
na popo wameangusha kungu zilizotafunwa nusu
juu ya mita. Nimezifagia kwa kiatu.
Keremkerem wekundu wa waya wa simu hawapo.
Nimeandika: waya mtupu, tarehe kumi na nne.

Mvua ya kwanza na jongoo wametoka siku moja.
Nani kamwita mwenziwe, sijui.
Punda wa Lali Shee aligoma uchochoroni, masikio nyuma,
na Lali akamtukania mama yake na nyanya yake,
hata tulipochungulia: kaa wa mikokoni,
mpana kama sahani ya pilau, magando juu,
kasimama katikati ya njia kama karani wa forodha.
Tulisubiri. Punda naye alisubiri.

Mei, hakuna nilichoandika. Daftari lililowa.

Mita nambari mia na tisa, Tundani:
nyumba ya Bi Khuleita, imefungwa
tangu mwanawe amchukue Mombasa kwa ajili ya macho.
Tarakimu haikupaswa kusogea.
Imesogea.
Ufunguo uko kwa jirani, Bi Rukiya, naye aliniuliza
kana kwamba mwizi ni mimi:
"Nyumba haina mtu, mai yenda wapi?"

Yalikuwa yakienda uani. Tone, kimya, tone,
kutoka kiungo cha bomba mpaka shina la mkomamanga
ambao kwa haki ungekuwa kuni.
Ulikuwa umejaa maua, mekundu ya kupigiwa muhuri,
na kwenye kitawi cha chini kabisa
kifuko kimening'inia, utando wa buibui na nyuzi za leso,
na mdomo mwembamba uliopinda ukichungulia nje.
Chozi. Alinitazama kama ninayemdai.
Bi Rukiya akashusha sauti: "Yana hakuwako, yeo yuko."

Sheria yasema niandike V: yavuja.
Kisha wanakuja wawili na spana.
Niliandika kistari.

Julai, kipupwe, watu wamevaa sweta alfajiri.
Maji yakitoka Wiyoni, sululu mmoja yuko topeni peke yake,
wenziwe wameshakwenda kaskazini ya mbali kuzaa.
Labda mdogo mno. Labda amekataa tu.
Mezi mbili nimemwandika: yupo. Yupo.
Ankara ya mia na tisa nimelipa mimi,
risiti nimeikunja ndani ya jalada la nyuma.
Mke wangu akiiona nitasema ni ya ndege,
na hatauliza tena, kwa kunihurumia.

Oktoba waya umejaa. Wamerudi, wanasukumana, wanadaka nyuki.
Sululu wangu sasa simjui katika mia.

Novemba kereng'ende wameingia mjini kutoka baharini,
wengi, wamechoka, wametua hata kwenye kofia yangu,
nami nikatembea Langoni polepole kama bwana harusi.
Siku hiyohiyo nikawakuta wale wawili Tundani.
Kompyuta ya ofisi iliona nilichokificha.
Kiungo kipya, kinang'aa. Chini yake udongo mkavu.
Kifuko kitupu, kimechanika ubavuni;
makinda yaliruka lini, sikuwako.
Nilikaa juu ya ndoo yao hata wakaitaka.

Usiku ule vuli ilipiga mabati mpaka adhana.

Mia na tisa: haikusogea.
Komamanga: tatu, moja imepasuka.
Chozi: mlio tu, nyuma ya ukuta.