Maboksi Mawili

Mwanjelwa, saa mbili asubuhi, ukungu bado umekalia mabati.
Sanga ameweka maboksi mawili juu ya kioo cha kaunta:
hili elfu thelathini na tano,
hili laki na arobaini.
"Zote breki shuu za Kanta, mama. Zote zinasimamisha gari."
Anasema huku akilipangusa vumbi lile la bei ndogo,
kama mtu anayemfuta mtoto kamasi kabla wageni hawajaingia.

Nayapima mkononi. Lile la ghali ni zito,
au ni bei yake inayonielemea kiganja.
Viazi vimeanguka tangu Jumanne.
Nina magunia arobaini Isyonje, yameshashonwa midomo,
nina ada ya Tumpale,
nina deni la matairi ambalo Sanga, kwa adabu, hajalitaja.

Fundi Ambakisye anakuja kutoka gereji ya Mafiati,
grisi imempanda hadi viwikoni.
Maandishi ya boksi hayasomi. Stika inayong'aa anaipita.
"Hizo siku hizi wanauza kwa roli," anasema, "kama kitambaa."
Anatoa shuu, anaikwaruza kwa ukucha,
anainusa kama mpishi anayeshuku mafuta,
anaigonga kwenye ukingo wa ngazi: ko.
Anaigonga ya pili: ti.
Mimi nimesikia ko na ti.
Yeye amesikia kitu kingine.

Najua, najua: rahisi huwa ghali.
Methali hiyo aliitunga mtu mwenye pesa.
Mbona wipa niliweka za bei poa na mvua ya Rungwe inafutika?
Kitasa cha mlango, kioo cha pembeni, taa ya nyuma,
vyote vya kuunga unga, na vyote bado vinadunda.
Na ile bering ya mwaka juzi, "orijino, mama, naapa,"
niliyoilipia kwa mahindi ya akiba,
si ilikatika Inyala, hata Chimala hatujaiona?

Ambakisye habishani. Anajifuta mikono kwa gazeti,
anauliza jambo moja tu:
"Safari hii anashuka nani Kitonga?"

Nani anashuka Kitonga.
Anangisye, mdogo wa marehemu mume wangu,
anayepiga mluzi kwenye kona ili asisinzie,
anayeniletea risiti hata ya maji ya kunywa.
Mimi ninayeshika pochi sijawahi kushuka pale
na tani nne za viazi zikinisukuma kisogoni.
Sijawahi kukanyaga pedeli
ikazama kama mwiko kwenye uji.
Hapa kaunta naokoa laki moja na elfu tano
kwa mguu wa mtu mwingine.

"Andika, Sanga."
Anafungua daftari. Ukurasa wangu umejaa;
anaanza mwingine bila kuniangalia usoni.

Sijafika mlangoni, kijana mmoja mwenye Noa
ameshalishika lile boksi jepesi,
midomo yake inahesabu bila sauti.
Nilitaka kumwambia kitu.
Nikakumbuka kwamba sina cha kumkopesha.

Kesho yake usiku, saa saba, simu inawaka kitandani:
*Shem nimeshuka salama. Niko Ruaha Mbuyuni nakula.
Vitunguu bei iko chini, nichukue?*

Sijui kama ni boksi, au mguu wake, au ni Mungu tu.
Huenda hata hizo za laki na arobaini
zilizaliwa chumba kimoja na zile nyingine.
Breki iliyoshika haina la kusimulia.

Nikamwandikia: *Chukua debe moja.*
Nikageuza mto upande wa baridi.